SHERIA ZA KAMPUNI ZILIZOREKEBISHWA NA CHAMA CHA USHIRIKA

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mshauri wa sheria mbele ya semina ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi. Tunaichapa hapa ili wanachama ambao hawakuhudhuria nao wapate kuisoma.)



Huenda baadhi yenu mnajiuliza: sheria za kampuni zinatuhusu nini sisi, ambao vyama vyetu vimeandikishwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika na wala si kwa Msajili wa Makampuni? Swali hilo ni la haki. Jawabu lake ni kwamba hapana chama katika ukumbi huu kisichoshughulika na kampuni. Anayenunua mazao yetu ni kampuni. Anayetuuzia mbolea na dawa ni kampuni. Benki inayotukopesha ni kampuni. Na siku hizi vyama vingi vinaombwa kununua hisa katika viwanda na mabenki, jambo ambalo litakigeuza chama kuwa mwanahisa wa kampuni. Mtu asiyeijua sheria ya mwenzake hufanya naye biashara gizani.

SHERIA MBILI ZA MWAKA MMOJA

Sheria ya vyama vya ushirika na sheria ya kampuni zilitungwa katika nchi yetu mwaka mmoja, yaani 1932. Hata katika vitabu vya sheria zimekaa jirani: ya ushirika ni Sura ya 211, na ya kampuni ni Sura ya 212. Chini ya ile ya kwanza, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933. Ile ya pili ilifuata sheria ya kampuni ya Uingereza ya mwaka 1929.

Tangu hapo ndugu hao wawili walifuata njia tofauti. Sheria ya ushirika ilitungwa upya mwaka 1968, ikatungwa tena 1982, 1991, 2003 na 2013. Sheria ya kampuni ilikaa pale pale kwa zaidi ya miaka 70. Waingereza wenyewe walikwisha kuiacha sheria yao ya 1929, wakatunga nyingine mwaka 1948, nyingine 1985, na ndefu kuliko zote mwaka 2006, lakini sisi tuliendelea kutumia ile ya kale. Hatimaye Bunge lilitunga Sheria ya Makampuni Namba 12 ya mwaka 2002, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2006. Jirani zetu nao walifanya hivyo: Uganda ilitunga sheria mpya mwaka 2012, na Kenya mwaka 2015.

KWA NINI MAREKEBISHO YALIHITAJIKA

Msingi wa sheria ya kampuni ni mmoja, na ni lazima tuuelewe kwanza. Kampuni ikishaandikishwa huwa mtu kamili mbele ya sheria. Ina mali yake, ina madeni yake, hushtaki na hushtakiwa kwa jina lake. Mwanahisa akishalipa thamani ya hisa zake hadaiwi zaidi, hata kampuni ikifa na madeni. Hiyo ndiyo maana ya dhima yenye kikomo.

Msingi huo ulithibitishwa katika kesi mashuhuri ya Uingereza ya mwaka 1896. Mshona viatu mmoja, Aron Salomon, aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Kati ya hisa 20,007, yeye alikuwa na 20,001. Zilizobaki 6 zilikuwa za mkewe na watoto wake, moja moja. Sehemu ya bei ya biashara hiyo aliichukua kama deni ambalo kampuni iliwekea mali yake yote kuwa dhamana. Kampuni ilipofilisika, watu walioiuzia bidhaa kwa mkopo walidai kuwa Salomon na kampuni yake ni kitu kimoja. Mahakama za chini ziliwakubalia. Baraza la Malordi likakataa: kampuni ni mtu mbali na Salomon ni mtu mbali, na deni lenye dhamana hulipwa kabla ya deni lisilo na dhamana. Wale wauzaji wa kawaida wakabaki mikono mitupu.

Kanuni hiyo haijafutwa hadi leo, nayo ina faida yake, kwa kuwa bila ya kikomo cha dhima watu wengi wasingethubutu kuweka fedha katika biashara. Lakini ina mwanya. Mtu mwenye hila anaweza kujificha nyuma ya kampuni, akala mali za watu, kisha akaiacha kama ngozi ya nyoka. Marekebisho ya sheria za kampuni, katika nchi nyingi, yamekusudiwa kuuziba mwanya huo bila ya kuuvunja msingi wenyewe, na wakati huo huo kuwapunguzia wafanyabiashara waaminifu usumbufu wa uandikishaji.

MAMBO MAKUBWA YALIYOBADILIKA

La kwanza ni wajibu wa wakurugenzi. Zamani wajibu huo ulitafutwa katika hukumu za mahakama za Kiingereza, ambazo mwananchi wa kawaida hawezi kuzisoma. Sheria ya 2002 imeuandika waziwazi. Mkurugenzi hana budi kutenda kwa uaminifu na kwa manufaa ya kampuni, kutumia uangalifu na ustadi, na kuyafikiria maslahi ya wafanyakazi pamoja na ya wanahisa. Akiwa na maslahi yake binafsi katika mkataba ambao kampuni inaufanya, lazima ayatangaze mbele ya wakurugenzi wenzake. Na kwa kawaida kampuni hairuhusiwi kumkopesha mkurugenzi wake.

La pili ni ulinzi wa wanahisa wachache. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba wengi wakishaamua, wachache hunyamaza. Sasa mwanahisa anayeona kwamba kampuni inaendeshwa kwa namna ya kumwonea anaweza kwenda mahakamani; haki hiyo imo katika kifungu cha 233 cha Sheria ya 2002. Mahakama ikiridhika inaweza kutoa amri za namna mbalimbali, hata kuamuru hisa zake zinunuliwe kwa bei ya haki. Vilevile, kwa idhini ya mahakama, mwanahisa anaweza kufungua shauri kwa niaba ya kampuni pale wakurugenzi wanapokataa kulifungua kwa sababu wao wenyewe ndio wakosaji.

La tatu ni kuinusuru kampuni iliyo mashakani. Chini ya sheria ya kale, kampuni iliyoelemewa na madeni ilikuwa na njia nyembamba sana ya kuokoka. Sasa mahakama inaweza kuiweka chini ya msimamizi, na kwa muda huo wadai wanazuiwa kuikamata mali yake mpaka ijulikane kama inaweza kusimama tena. Jambo hili ni jema, lakini katibu alifahamu: mnunuzi wenu akiwekwa chini ya msimamizi, deni lenu litangoja.

La nne ni kuwajua wenye kampuni hasa. Majina yaliyo katika daftari la wanahisa pengine ni ya watu waliotangulizwa mbele tu, na mwenye mali amekaa nyuma ya pazia. Kwa marekebisho ya mwaka 2020, na kanuni zilizotolewa mwaka 2021, kila kampuni inatakiwa kumtajia Msajili wamiliki manufaa wake, yaani binadamu ambao mwishoni ndio wanaofaidi au kuitawala kampuni. Taarifa hizo zimewekwa hasa kwa ajili ya vyombo vya dola vinavyopambana na fedha chafu na ukwepaji wa kodi. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia katibu kumwuliza mnunuzi swali lile lile kabla ya kutia saini.

La tano ni uandikishaji wenyewe. Kazi hiyo iko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na tangu mwaka 2018 hufanyika kwa njia ya mtandao. Kwa ada, mtu yeyote anaweza kupata taarifa za kampuni: wakurugenzi wake ni nani, hisa ni za nani, na mali gani imewekwa dhamana. Hapo zamani katibu wa chama cha mbali alilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam kwa jambo hilo.

CHAMA KIKIWA MDAI

Sasa tuyashushe mambo haya hadi ghalani kwetu. Natoa mfano wa kubuni. Chama kimekusanya alizeti ya wanachama yenye thamani ya shilingi milioni 80. Inakuja kampuni yenye kiwanda cha kukamua mafuta, yenye magari mazuri na wakala mwenye ulimi mtamu, inaomba kuchukua mzigo wote sasa na kulipa baada ya miezi mitatu. Bei yake ni nzuri kuliko ya wengine. Bodi inakubali.

Mwezi wa tatu kampuni inafilisika. Mfilisi anauza mali zote na kupata shilingi milioni 60. Mwanachama asiyejua sheria atasema: tunadai milioni 80, basi tuchukue hizo 60 na hasara yetu ni 20 tu. Sivyo. Benki iliyoikopesha kampuni imeandikisha dhamana juu ya kiwanda na mitambo, nayo inadai milioni 42. Mishahara ya wafanyakazi na kodi zinazotangulizwa na sheria ni milioni 10. Gharama za ufilisi ni milioni 3. Jumla ni milioni 55. Zimebaki milioni 5 za kugawiwa wadai wote wasio na dhamana, ambao pamoja na chama chenu wanadai milioni 100. Kila mmoja atapata senti tano katika kila shilingi. Chama kitapokea milioni 4 badala ya 80.

Je, wenye kampuni hawawezi kudaiwa? Kama hawakufanya udanganyifu, na hisa zao wamekwisha kuzilipa, hawadaiwi. Na pengine mtaji wa hisa wenyewe ulikuwa shilingi milioni moja tangu mwanzo.

Ndugu Wanaushirika, katika mfano huo hapana aliyeiba. Sheria yote imefuatwa, lakini mkulima aliyepalilia kwa jembe la mkono amepoteza mavuno ya mwaka mzima. Kilichokosekana ni kuuliza mapema. Dhamana juu ya mali ya kampuni inatakiwa kuandikishwa kwa Msajili katika muda wa siku 42 tangu ilipowekwa. Isipoandikishwa, haina nguvu juu ya mfilisi na wadai wengine. Kwa hiyo dhamana ya benki ile ilikuwa imeandikwa mahali ambapo katibu angeweza kuiona kabla ya mzigo kutoka ghalani. Angeiona, angeiambia bodi: kampuni hii haina mali iliyo huru, basi na ilipe kwanza, au ituletee dhamana ya benki, au wakurugenzi wenyewe watie saini ya kulidhamini deni kwa mali zao binafsi. Sharti hili la mwisho ndilo hulivunja lile pazia, kwani mkurugenzi aliyedhamini hawezi tena kusema kwamba kampuni ni mtu mbali.

CHAMA KIKIWA MWANAHISA

Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe amepeleka magunia mawili au mia mbili. Katika kampuni, kura hufuata hisa. Tofauti hii inajulikana na wengi, ila matokeo yake hayajulikani vema.

Maamuzi ya kawaida katika mkutano wa kampuni hupitishwa kwa zaidi ya nusu ya kura, na kwa njia hiyo mkurugenzi anaweza hata kuondolewa. Maamuzi makubwa, kama kubadili kanuni za kampuni, hutaka robo tatu ya kura. Kwa hiyo mwenye zaidi ya robo ya kura anaweza kuyazuia maamuzi makubwa, hata kama hawezi kuiongoza kampuni. Na wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kuwalazimisha wakurugenzi kuitisha mkutano.

Tuseme vyama vyetu vimeungana na mwekezaji kuanzisha kiwanda. Hisa ni 100. Vyama vina 40 na mwekezaji ana 60. Tunaweza kuyazuia maamuzi makubwa. Baada ya miaka miwili kampuni inahitaji mtaji zaidi, inatoa hisa mpya 100. Mwekezaji ana fedha, ananunua zote, sisi hatuna. Sasa jumla ni hisa 200, nasi tumebaki na zile zile 40. Hatukuuza hata hisa moja, lakini tumeshuka kutoka asilimia 40 hadi asilimia 20, na uwezo wa kuzuia umetutoka. Pengine tutaambiwa kwamba mambo yalikwenda kwa utaratibu, na itakuwa kweli.

Kinga yake iko katika kanuni za kampuni na katika mkataba wa wanahisa, navyo huandikwa mwanzoni. Hapo ndipo pa kuandika kwamba hisa mpya zitolewe kwanza kwa wanahisa waliopo kwa kadiri ya hisa zao, kwamba vyama vipewe muda wa kutosha wa kuitisha mikutano yao mikuu na kutafuta fedha, na kwamba mambo fulani hayatafanyika bila ya kura ya vyama. Siku ya sherehe ya kufungua kiwanda hakuna anayependa kuyazungumza hayo. Lakini baada ya siku hiyo hayazungumziki tena.

Jambo jingine ni mjumbe tunayempeleka kuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo. Kisheria, akishaketi pale wajibu wake ni kwa kampuni, wala si kwa chama kilichomtuma. Hawezi kuzitoa siri za kampuni ovyo, wala kuiamulia kampuni kwa kufuata amri ya bodi yetu. Ndiyo sababu chama kinahitaji mtu wa pili: mwakilishi wa chama katika mkutano wa wanahisa, anayekwenda na maagizo ya bodi na kurudi na taarifa. Tukimpa mtu mmoja kofia zote mbili, mara nyingi ataivaa ile yenye posho.

JE, CHAMA KIGEUKE KUWA KAMPUNI?

Wapo wasemao kwamba, kwa kuwa sheria ya kampuni imekuwa nyepesi na ya kisasa, afadhali vyama viwe kampuni. Mimi sikubaliani nao, lakini hoja yao isijibiwe kwa kaulimbiu.

Tutazame Benki ya Ushirika ya Kenya. Iliandikishwa mwaka 1965 ikiwa chama cha ushirika. Mwaka 2008 iligeuzwa kuwa kampuni, na Desemba mwaka huo hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Wenzetu hawakuviacha vyama vitawanyike, kila kimoja na hisa zake chache mkononi. Waliziweka pamoja katika chama kimoja chenye kushika hisa hizo, nacho kina zaidi ya nusu ya hisa za benki. Hivyo walipata mtaji wa soko bila ya kuupoteza usukani. Hapa kwetu Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa mjini Dodoma mwezi Aprili 2025, na vyama vya ushirika ni wanahisa wake. Basi mafunzo hayo ya hisa na kura hayako mbali nasi.

Funzo nilionalo ni hili. Kazi inayohitaji mtaji mkubwa, kama benki au kiwanda, inaweza kufanywa na kampuni ambayo vyama vinaitawala. Lakini chama cha msingi chenyewe, ambacho kazi yake ni kumpa mkulima sauti sawa na ya mwenzake, kikigeuka kampuni kitakuwa cha mwenye hisa nyingi. Mkulima akipata shida atauza hisa zake, na baada ya muda mnunuzi wa mazao ndiye atakayekuwa mwenye chama. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa na serikali na kazi zake kupewa mamlaka za mazao. Ilibidi kungoja sheria ya 1982 ili virudishwe. Hapo vyama vilivunjwa kwa amri. Ingekuwa ajabu kubwa zaidi kama tungevitoa sisi wenyewe kwa kutia saini karatasi tusiyoisoma.

YAPASAYO KUFANYWA

Naomba makatibu mwondoke na mambo haya sita:

1. Kabla ya kufanya mkataba na kampuni yoyote, pateni taarifa zake kutoka BRELA: kama ingali hai, wakurugenzi wake, wanahisa wake, na dhamana zilizoandikishwa. Taarifa hizo ziwekwe katika jalada la mkataba.

2. Msimpe mnunuzi mzigo kwa mkopo bila ya dhamana ambayo bodi imeijadili na kuiandika katika muhtasari wa kikao.

3. Mnapoitwa kununua hisa, ombeni kanuni za kampuni na hesabu zilizokaguliwa, zisomwe na mtu mwenye ujuzi. Kisha jambo lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu na lifuate masharti ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, pamoja na kibali cha Mrajis panapohitajika. Fedha za mkopo zisitumike kununua hisa nje ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa.

4. Tunzeni hati za hisa mahali salama, na mwandike katika daftari la mali idadi ya hisa zenu pamoja na jumla ya hisa za kampuni. Jumla hiyo ndiyo itakayowaonyesha kama mnashuka.

5. Chagueni mwakilishi wa chama katika mikutano ya wanahisa kwa azimio la bodi, na asiwe yule yule mkurugenzi. Taarifa yake isomwe katika Mkutano Mkuu unaofuata.

6. Kama chama chenu kina kampuni yake, hakikisheni kwamba taarifa ya mwaka na taarifa za wamiliki manufaa zinapelekwa kwa Msajili kwa wakati. Kampuni iliyosahauliwa hutozwa faini, na inaweza kufutwa katika daftari.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sheria hizi mpya daftari lipo, tena limefunguliwa kwa kila mtu mwenye simu na ada ndogo. Mwanachama hawezi kuacha shamba lake akakae anasoma madaftari ya kampuni. Amemwajiri katibu kwa kazi hiyo, na amemchagua mjumbe wa bodi ili amwulize katibu kama ameifanya. Nawaomba katika kikao chenu cha bodi kinachokuja mtoe mikataba yote ya kampuni iliyomo kabatini, mwiulize mmoja mmoja: nani yuko nyuma ya jina hili, na asipolipa tutashika nini?